Vidonge vya usingizi nilivyovianza nikiwa eda

Kidonge cha kwanza nilipewa na wifi yangu wakati wa matanga ya mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wifi alikuja na boti kutoka Unguja, akateremka bandari ya Mkoani hapa Pemba, akafika nyumbani kwetu Wete magharibi imeshaingia. Alinikuta nimekaa juu ya mkeka, macho makavu, usingizi haujanigusa tangu jeneza lilipotoka. Akafungua mkoba wake akatoa kidonge kimoja, akanambia, "Wifi, meza hichi upate kulala. Na mimi ndicho kilichonisaidia nilipofiwa." Nikameza. Nililala mpaka adhana ya alfajiri, na nilipoamka nilimwombea dua. Hadi leo simlaumu. Alinipa kilichomfaa yeye.

Kilikuwa kidonge cha diazepamu cha miligramu 5. Wengi hapa kwetu wanaiita Valium, ambalo ni jina la kibiashara lililozoeleka. Diazepamu imo katika kundi la dawa linaloitwa benzodiazepini, pamoja na lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu, midazolamu na nyenginezo. Kazi zake kubwa ni kutuliza wasiwasi, kuleta usingizi, kulegeza misuli iliyokaza na kuzima kifafa. Wakati ule sikujua hata moja kati ya haya. Nilijua ni dawa ya usingizi, na usingizi ndio niliokuwa nikiutafuta.

Nataka kusema na wajane walio eda, na zaidi na wale wanaokaa nao. Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi. Yuko ndani, hatoki ila kwa dharura, shughuli zake zimesimama, na usiku unakuwa mrefu kuliko mchana. Anayemletea chakula anafurahi akisikia kwamba jana amelala, wala haulizi amelalaje. Uingereza, kamati ya serikali ya usalama wa dawa ilishatoa mwongozo mwaka 1988 kwamba benzodiazepini zitumike kwa wiki mbili hadi nne tu, tena kwa mtu mwenye wasiwasi mkali au aliyekosa usingizi kiasi cha kushindwa kuishi. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja. Mwanamke anayeanza kumeza kwenye matanga na akaendelea mpaka siku ya kutoka eda, anatoka akiwa ameupita ukomo huo zaidi ya mara nne, na hakuna hata mtu mmoja nyumbani aliyeona kitu kibaya kimefanyika.

Vidonge vya wifi vilipomalizika nilipata vyengine zahanati, na baadaye dukani. Bahasha ya zahanati ninayo mpaka leo. Ni ile ndogo ya karatasi nyembamba, imeandikwa kwa wino wa buluu "Diazepam 5 mg, 1 x 1 usiku", na chini yake pana mstari wa kuandika kwa siku ngapi. Mstari ule umeachwa mtupu. Kama ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika hadithi hii, ningeujaza mstari ule. Ukipewa dawa ya kundi hili, kabla hujanyanyuka kwenye kiti muulize daktari: ni kwa siku ngapi, na nitaiacha vipi? Mwombe aandike. Kama hana jibu la swali la pili, muulize tena.

Baada ya wiki chache kidonge kimoja hakikunilaza tena. Nimekuja kufahamishwa kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa kwa watu wengi, na hakuhusiani na udhaifu wa imani wala tamaa. Mwili unaizoea haraka ile nguvu ya dawa ya kuleta usingizi, lakini athari yake kwenye kumbukumbu haiondoki kwa wepesi huo. Kwa hiyo mtu anaongeza ili alale, na huku kichwa kinazidi kuingia ukungu. Mimi nilifika miligramu 20 kwa usiku. Bei haikuniuma, kwani vidonge hivi ni rahisi, na urahisi wenyewe ukaniondolea sababu ya kujiuliza.

Watu waliniona nimetulia. Wakasema nina subira. Kumbe msimu wa karafuu ulipofika, nilikaa barazani majamvi yameanikwa mbele yangu, manyunyu yakaanza, nikawa naziangalia karafuu zinaloa na mkono haunyanyuki kuwaita watoto waje kuzianua. Nilikuwa naona kabisa, na nilijua zitaharibika, ila lile jambo la kujua halikunisukuma kufanya kitu. Ziliingia ukungu na tukaziuza kwa daraja la chini. Hiyo ni hasara ya fedha, na fedha inarudi. Ambalo halirudi ni siku ya posa ya binti yangu. Wazee walikuja, mahari yakazungumzwa, na nimeambiwa kwamba nilikaa nao vizuri na nikajibu kila nilichoulizwa. Wiki iliyofuata nilimuuliza mwanangu, "Hawa watu wanakuja lini?" Alinitazama, akaingia ndani kulia. Kipande kile cha maisha yangu sina. Wapasuaji wanaitumia midazolamu kwa sababu hiyo hiyo, mgonjwa asikumbuke alichofanyiwa, na kwenye chumba cha upasuaji hiyo ni rehema.

Kisha siku moja muuza duka alikataa kuniuzia bila ya cheti cha daktari. Alikuwa na haki. Hii ni dawa ya cheti, na tangu mwaka 1984 benzodiazepini zimo kwenye orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili. Nilirudi nyumbani nikasema alhamdulillahi, labda hii ndiyo sababu ya kuachana nayo. Binti yangu alifurahi kuliko mimi.

Siku za mwanzo sikuona tatizo, na hapa naomba usome taratibu, kwani hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Diazepamu inakaa sana mwilini. Huchukua hadi saa 48 kupungua nusu, na inapovunjwa na ini inatoa zao jengine lenye nguvu ya kutuliza pia, ambalo linaweza kuchukua hadi saa 100 kupungua nusu. Maana yake ni kwamba ukiacha leo, mwili haujui leo. Unakuja kujua baada ya siku kadhaa, pengine wiki, na wakati huo kila mtu ameshasahau habari ya vidonge. Dawa za muda mfupi kama alprazolamu, ambayo hupungua nusu kwa kiasi cha saa 11, zinamrudi mtu upesi, pengine kesho yake, na angalau anaweza kuunganisha mambo. Sisi hatukuunganisha.

Ulianza usingizi, ukakatika moja kwa moja. Halafu masikio. Kijiko kikianguka jikoni nilikuwa naruka. Sauti ya kuku uani ilinichoma, adhana niliyoizoea tangu utoto niliisikia kama inatoka ndani ya chumba changu. Mwangaza wa mlango uliumiza macho. Mikono ilitetemeka, jasho likinitoka nimekaa, ngozi ikatambaa kama ina wadudu, na mdomo ukawa na ladha ya chuma. Na khofu, khofu isiyo na jina, ambayo hata siku ya msiba sikuwa nayo.

Shemeji yangu akasema hili si jambo la kawaida, huenda kuna shetani. Akaletwa mwalimu wa chuoni akanisomea, nikanywa kombe. Sitaki mtu anifahamu vibaya: kisomo kilinipoza roho, na nilikihitaji. Lakini katika watu wote walioingia chumbani kwangu kwa mapenzi, hakuna aliyeuliza mgonjwa alikuwa akimeza nini mwezi uliopita. Mtu akibadilika ghafla namna hii, msomeeni, na papo hapo mmoja wenu afungue mtoto wa meza na aangalie mna dawa gani zilizokwisha.

Yaliyofuata nimehadithiwa na binti yangu. Nilitoka kuchukua udhu wa alfajiri, nikaanguka pale pale kwenye ndoo, meno yamekaza, mwili unapiga. Jirani alitoa gari. Hospitali walinichoma diazepamu polepole kwenye mshipa na mtukutiko ukasita. Muuguzi wa zamu, msichana mdogo tu, alikuwa wa mwanzo kuuliza: "Mama alikuwa anatumia dawa gani na ameacha lini?" Binti yangu akaikumbuka ile bahasha.

Daktari alinifahamisha nilipopata nguvu ya kusikiliza. Alichora kwenye nyuma ya karatasi ya vipimo. Ubongo una kemikali za kuchangamsha na kemikali za kutuliza, na kubwa katika hizo za kutuliza inaitwa GABA. Inapogusa kipokezi chake kwenye seli ya neva, kijia kidogo kinafunguka, chembe za kloridi zinaingia, na seli inatulia, haichachamai kwa urahisi. Benzodiazepini haikifungui kijia hicho peke yake. Inashika mahali pake maalumu kwenye kipokezi hicho hicho, na GABA inapokuja, kijia kinafunguka mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Ndiyo maana, ikimezwa peke yake, ina hatari ndogo kuliko zile dawa za zamani za barbiturati, ambazo kwa kipimo kikubwa zinaweza kukifungua kijia hata GABA isipokuwepo, mpaka mtu akaacha kupumua.

"Sasa," akasema, "ubongo wako umetulizwa na mtu wa nje kila usiku kwa zaidi ya mwaka. Bi mkubwa, ukiwa na mtu anayekuchotea maji kila siku, wewe kisimani huendi tena, na kamba yako inaoza. Siku asipotokea, kiu haikusubiri usuke kamba nyengine." Vipokezi vyangu vya kutuliza vilikuwa vimeshapunguza usikivu wao, na upande wa kuchangamsha umejizidishia nguvu ili mizani isimame. Dawa ilipoondoka, ukabaki upande mmoja tu. Kile nilichokiona kama shetani, na ile degedege ya ukubwani, vyote viwili vilikuwa ubongo usio na wa kuutuliza.

Nilikasirika. Nilimwambia daktari dawa hii ipigwe marufuku. Hakunijibu. Jibu nililipata nimekaa kwenye benchi la nje, kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuja mama mmoja mbio na mtoto begani, homa kali, mtoto anatukutika, macho yamegeuka. Wauguzi walimpima uzito haraka, wakavuta dawa kwenye bomba la sindano, wakaondoa sindano yenyewe, wakaiingiza dawa kwa njia ya haja kubwa na kumbana makalio isirudi. Dakika chache baadaye vidole vya mtoto, vilivyokuwa vimekunja ngumi, vilifunguka kimoja kimoja. Ilikuwa diazepamu. Kwa njia hiyo inaingia upesi, hata pale ambapo mshipa wa mtoto mdogo haupatikani.

Tangu hapo siwezi kusikia mtu akiitukana dawa hii nikanyamaza. Inasimamisha kifafa kilichokataa kukatika. Inamlegeza mgonjwa wa pepopunda ambaye mgongo umepinda kwa kukaza. Inamvusha mlevi wa pombe anayeacha, ambaye bila ya hiyo anaweza kufa kwa mtukutiko. Diazepamu, lorazepamu na midazolamu zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Aliyelianzisha kundi hili la dawa ni mkemia Leo Sternbach, akifanya kazi na kampuni ya Roche huko New Jersey, Marekani, katika miaka ya 1950. Ya mwanzo, Librium, iliingia sokoni mwaka 1960 na Valium ikafuata mwaka 1963. Zilipokelewa kwa furaha kwa sababu kabla yake watu wakifa kwa barbiturati. Ilichukua miaka kwa ulimwengu kukubali kwamba mtu anaweza kufungwa na dawa hii hata kwa kipimo cha kawaida alichoandikiwa na daktari, bila ya kuzidisha hata kidonge.

Sasa nije kwenye kuacha, ambako ndiko nilikotumia nguvu zangu zote.

Nilirudishwa kwenye diazepamu, kwa kipimo kile kile nilichokizoea. Familia ilishtuka: vipi tena unapewa kilichokuua? Lakini njia ndiyo hiyo. Kwanza mwili utulie, halafu ushuke ngazi moja moja. Nikapewa barua ya kwenda Unguja kuonana na daktari wa magonjwa ya akili. Hapo pana uzito wake. Hapa visiwani ukitaja Kidongo Chekundu, ilipo hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanaelewa wazimu, na shemeji yangu alinisihi nisiende, kwani binti ana posa na watu watasema. Nilikwenda. Waliosema walisema, na ndoa ilifungwa. Mwenye hitaji la daktari wa akili asicheleweshwe na maneno ya barazani, kwa sababu degedege haingoji mazungumzo yaishe.

Daktari wa Unguja alikuwa mtu wa makamo, hana haraka. Aliniambia habari za Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, na kwamba mambo mengi yanayojulikana leo kuhusu kushuka taratibu yametokana na wagonjwa wake. Mpango wangu aliuandika kwa mkono: kutoka miligramu 20, nipunguze miligramu 1 kila baada ya wiki moja au mbili, kwa kadiri ninavyoweza, na nikifika chini ya 5 nipunguze nusu miligramu. Mwengine atapangiwa tofauti. Anayetumia dawa ya muda mfupi pengine atahamishiwa kwanza kwenye diazepamu, kwa vile inashuka mwilini pole pole, na mwenye ini bovu pengine hatahamishiwa. Hili si jambo la kunakili mpango wangu. Ninautaja ili uone ukubwa wa safari: ilinichukua karibu mwaka.

Vidonge vya miligramu 2 ndivyo vilivyonifaa, kwa kuwa nusu yake ni moja. Havikuwepo kila mahali, na mara nyengine ilibidi mtu aninunulie Unguja kwa cheti. Mwanzo nilivikata kwa wembe juu ya kibao cha kukatia mboga, vikapasuka vipande visivyolingana, vyengine vikawa unga. Binti yangu aliniletea kikatio kidogo cha plastiki chenye kisu ndani, kinachouzwa kwenye maduka ya dawa, na tatizo likaisha. Nilikuwa na daftari la skuli. Kila usiku naandika tarehe, kipimo, nimelala vipi. Siku mbaya nilikuwa nafungua kurasa za nyuma, naona kwamba baada ya kila ngazi huwa kuna siku za tabu na kisha zinapita. Bila ya daftari ningeamini kila siku mbaya ndiyo ya milele.

Kanuni niliyopewa ilikuwa hii: ukizidiwa, simama ulipo, kaa hapo wiki mbili zaidi, lakini jitahidi usipande tena. Nilisimama mara nyingi. Ramadhani nzima sikupunguza chochote. Daktari aligawa kipimo, kingine wakati wa futari na kingine daku, na kwa kuwa diazepamu inakaa muda mrefu, saumu haikuharibika wala mwili haukuona pengo. Mtu wa alprazolamu asifanye hivyo kwa kuniiga. Azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Kuhusu alprazolamu nina jambo jengine. Katikati ya safari, mtu aliyenitakia kheri alinipa vidonge vyake akanambia hivi ni vyepesi, ni nusu miligramu tu. Kwa makadirio ya Ashton, nusu miligramu ya alprazolamu inakaribia nguvu ya miligramu 10 za diazepamu. Usihukumu kidonge kwa namba iliyoandikwa juu yake.

Gharama sitazificha. Boti kwenda na kurudi, mara nyingi tukiwa wawili, gari za kutoka Wete hadi Mkoani, kulala kwa jamaa Unguja bila ya kwenda mikono mitupu. Niliuza bangili mbili za dhahabu za harusi yangu. Shamba lilisimamiwa na mtoto wa shangazi yangu, naye ilibidi alipwe. Wenye uwezo mdogo kuliko mimi waulize hospitali ya karibu kama daktari wa akili anakuja kisiwani, na siku zipi, kabla ya kupanda boti.

Na ndani ya boti yenyewe, angalia. Bahari ikichafuka, vifuko vya kutapikia vinagawiwa na mtu wa pembeni yako anakupa kidonge cha kichefuchefu. Vingi katika hivyo vinalewesha usingizi, na juu ya diazepamu mtu anaweza kulala asiamshike. Hapo ndipo hatari kubwa ya kundi hili ilipo: kuchanganya. Ikikutana na pombe, au na dawa kali za maumivu kama tramadoli na morfini, au dawa ya kikohozi yenye kodeini, au unga unaovutwa na vijana wetu, pumzi inaweza kukatika usingizini. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo lake kali kabisa liandikwe juu ya kuchanganya benzodiazepini na dawa za jamii ya afyuni, yaani hizo tramadoli, morfini, kodeini na wenzao. Kwa sababu hiyo vidonge vyangu nilivifungia kwenye kabati la nguo na ufunguo nilikuwa nao mwenyewe. Vijana wa mitaani wanavitafuta.

Kuna michanganyiko isiyotisha kwa jina. Omeprazoli, ambayo nusu ya mtaa wanameza kwa vidonda vya tumbo, inachelewesha ini kuivunja diazepamu, kwa hiyo inajazana. Balungi pia, tunda letu la uani, linazuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa hizi. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inaiondoa upesi, na mtu anaweza kujikuta ameachishwa bila ya kujua. Daktari aliniuliza hata kuhusu kungumanga, kiungo kinacholevya kikizidi, maana wanawake wa hapa wanaijua kazi yake kwenye shughuli. Nikacheka, ila nilimjibu kweli.

Mama yangu mzazi, aliyevuka miaka sabini, alikuwa naye akimeza kidonge kimoja cha akiba, cha kutoka kwenye pakti ya mtu mwengine. Nilipojua nilimpeleka kwa daktari. Mwili wa mzee unaiondoa diazepamu pole pole zaidi, ya jana inakutana na ya leo, na mzee anayeamka usiku kwenda msalani akiwa nayo mwilini ndiye anayeanguka na kuvunjika nyonga. Tukaipunguza na yake, taratibu, vile vile.

Usingizi wangu haukurudi wenyewe. Ilibidi niufundishe. Niliacha chai ya baada ya alasiri. Niliacha kulala mchana, jambo ambalo kwa mtu aliyekesha ni adhabu. Niliamka saa ile ile kila siku hata kama nimelala kidogo, na nikishindwa kulala natoka kitandani, nakaa sebuleni na uradi wangu mpaka macho yawe mazito. Na nililia. Nilimlilia mume wangu kwa mara ya kwanza sawasawa nikiwa nimeshafika miligramu 6, mwaka na zaidi baada ya kumzika. Dawa ilikuwa imeniwekea kilio changu pembeni muda wote ule, nacho kilikuwa kinanisubiri. Wifi alikuja tena kunitazama, tukalia pamoja, na nikamweleza yote. Naye sasa anashuka, kwa daktari wake mwenyewe.

Leo sina kidonge. Masikio yangu bado ni mepesi, na zipo siku mikono inanitetemeka nikichoka. Daktari anasema kwa baadhi ya watu mabaki haya yanachukua miezi mingi kumalizika.

Wewe unayesoma haya na umeshakuwa kwenye vidonge kwa miezi au miaka, usiviache leo. Vihesabu vilivyobaki. Nenda kwa daktari vikiwa bado vinatosha wiki mbili, usisubiri kimoja cha mwisho. Chukua pakti zote, mpaka zilizo tupu, na zile dawa nyengine unazotumia, za cheti na za miti shamba. Mwambie kipimo cha kweli unachomeza, kama ni vidonge vinne sema vinne, kwa sababu mpango wa kushuka unahesabiwa kutoka namba hiyo. Nenda na mtu wa nyumbani asikie, maana kumbukumbu yako wakati huu huenda isishike kila kitu. Na kama umeshaviacha tayari, hata kama ni wiki iliyopita, na sasa unatetemeka, hulali na sauti zinakuumiza, hilo ni la hospitali leo hii.